Maganda Yaliyobaki Nyumbani

Mashine zilikuwa mbili, na Theopista alikuwa ameshamwonyesha baba yake picha zake mara nyingi kiasi kwamba hakuhitaji tena kuzitafuta mtandaoni. Alizifungua kwenye simu, akaisogeza simu hiyo mezani, pembeni ya bakuli la uji.

"Hii ndogo unaifunga kwenye ukingo wa meza kwa bolti," alisema. "Ukivuta mpini inajaza ganda tupu, linakuwa risasi moja. Ukitaka nyingine unaanza upya. Hii kubwa ina sahani inayozunguka, inafanya haraka. Lakini wote niliowasoma wanasema mtu anayejaza risasi nyumbani kwa mara ya kwanza aanze na ndogo."

Mzee Gelasius aliinua simu, akaipeleka mbali na uso, kisha akaigeuzia dirishani.

"Basi tuchukue ndogo. Hii nyekundu."

"Nyekundu ndiyo kubwa, Baba. Ndogo ni ya kijani."

"Ndiyo hiyo ninayosema." Aliirudisha simu mezani kwa uangalifu, kama mtu anayeweka yai. "Ndogo inanitosha. Sijazi risasi za jeshi."

Mama yake Theopista, Generosa, alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. Hakuinua kichwa.

"Na mimi nasema isiingie humu ndani. Baruti na jiko langu chini ya paa moja?"

"Nitaiweka stoo."

"Stoo kuna kuku anatamia."

"Kuku atahama."

"Utahama wewe, baba Theo. Kuku ana mayai."

Theopista alicheka, baba yake akacheka kidogo, kisha akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. Siku hizi alikuwa akiyapangusa sana. Alisema ni usingizi. Mahindi yalikuwa yametoa ndevu na punje zilikuwa bado za maziwa, na huo ndio wakati nguruwe pori wanaposhuka mabondeni kote Kasekese. Kila nyumba ilikuwa na mtu aliyelala kwenye dungu la kulindia shamba, na asubuhi barabara ilijaa watu wanaotembea wakiwa wamefumba nusu ya macho. Katika kitongoji chao, mwenye bunduki halali alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Mzee Gelasius. Ilikuwa shotigani ya zamani, aliyoipata baada ya miaka mingi ya kufuata nyayo kwa ajili ya kampuni ya uwindaji wa kitalii. Nguruwe wakiingia shambani kwa mtu, aliitwa yeye.

Risasi zilikuwa zimebaki mbili. Kuzipata nyingine kulitaka safari ndefu nje ya mkoa, na ukifika unauziwa chache. Ndipo akakumbuka mgeni mmoja wa zamani, Mzungu mwenye ndevu, aliyekuwa anakaa nje ya hema mchana kutwa akirudishia uhai maganda aliyokwisha kuyapiga, kwa mashine iliyofungwa kwenye meza ya kukunja. Akamwambia binti yake, kwa kuwa amesoma, achague moja inayofaa.

Theopista alikuwa amemaliza kilimo Morogoro, akarudi nyumbani kusubiri ajira huku akijitolea kufundisha sekondari ya kata. Kazi ya mashine aliifanya kwa moyo wote. Alilinganisha uzito, vipuri, urefu wa mpini. Aliangalia video hadi bando likaisha. Na hakufanya hivyo kwa sababu ya nguruwe. Alifanya kwa sababu ya jambo ambalo baba yake alimwambia jioni moja, wakiwa wawili tu, wakipukuchua mahindi ya mwaka uliopita.

"Nimepoteza mkono, mama," alisema. Alizoea kumwita mama, kwa kuwa alipewa jina la bibi yake mzaa baba. "Mkono unasahau kama mtu anavyosahau lugha. Risasi nilizonazo ni za kazi, siwezi kuzichezea. Nikiwa na mashine nitajaza zangu, nitapiga kopo kila asubuhi. Mkono utarudi."

Hakuwahi kumsikia baba yake akiomba kitu.

*

Kesho yake alipanda gari la asubuhi kwenda Mpanda. Aliona si vizuri kuagiza kitu kama kile bila kuuliza. Afisa anayeshughulikia silaha aliitwa Machibya, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu, na mezani kwake kulikuwa na chupa ya chai na kikombe kimoja. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mnataka kufungua kiwanda Kasekese," alisema.

"Si kiwanda, afande. Ni mashine moja ndogo."

"Ndogo inatengeneza nini?"

"Risasi."

"Basi ni kiwanda." Alimimina chai, akamsogezea yeye. "Kunywa, umetoka mbali. Sikiliza, mdogo wangu. Hicho kibali hakitoki mezani kwangu, kinatoka juu huko, na sijaona mtu wa mkoa huu aliyekipata. Unaweza kuandika, mimi nitapokea na nitapeleka. Sikukatazi kuandika. Ila bila kibali usinunue hata msumari wake, nitakuja kuuchukua mwenyewe na wewe juu."

"Nimeelewa."

"Mzee Gelasius namfahamu. Bado anapiga?"

"Bado."

Machibya alifunga kifuniko cha chupa. Nje, mtu alikuwa anabishana na mwenzake kuhusu pikipiki.

"Nilishawahi kuona bunduki iliyopasuka," alisema. "Ilijazwa na mtu aliyekadiria. Kazi hiyo ni ya macho, si ya mkono. Baruti unaipima kwa mistari midogo, ikizidi kidogo inakurudia usoni. Baba yako macho yake yakoje?"

"Yako vizuri," Theopista alisema, haraka kuliko alivyokusudia.

"Haya. Msalimie."

Alitembea hadi soko la Kashaulili kununua sabuni na chaki za shule, akarudi na gari la mchana. Njia nzima alikuwa anaandika barua kichwani: *Baba yangu ni raia mwema, mfuatiliaji nyayo mstaafu, anayelinda chakula cha wakulima.* Ilikuwa barua nzuri. Alipofika kwenye maneno *ana afya njema* akasimama, akayaacha, akaanza tena mwanzo.

*

"Wakati barua inaandikwa, tukusanye maganda," alisema baba yake alipopewa habari. Hakuonekana kuvunjika moyo. "Mashine bila maganda ni mpini mtupu. Pita kwa watu, waambie Gelasius anayaomba. Nilishawapa mengi."

Hilo Theopista alilijua tangu utoto. Nguruwe akianguka shambani mwako, ganda la risasi iliyomwangusha ni lako. Mpigaji analitoa kwenye bunduki likiwa bado la moto, anakuwekea mkononi, na wewe unalichomeka juu ya kijiti pembeni ya shamba. Walisema harufu ya baruti inawaambia nguruwe wengine kwamba hapa pana mtu. Nyama inagawanywa, inaliwa, inasahaulika. Ganda linabaki.

Alianzia kwa Mama Doto, jirani wa kwanza. Mama Doto alikuwa ameketi kizingitini, miguu ameinyoosha mbele, uchovu umemjaa usoni.

"Maganda? Ninayo. Moja ndiyo kipimo changu cha chumvi." Aliingia ndani, akatoka nalo. Lilikuwa limekatwa kwa kisu, kitako kimefanya kutu. "Hili ni la yule dume aliyekuwa amekula viazi vyote. Doto alikuwa bado ananyonya. Baba yako alipiga mara moja tu, akasema, mama Doto, weka sufuria."

"Doto si yuko kidato cha kwanza sasa?"

"Cha pili."

Kwa Severini fundi baiskeli, ganda lilikuwa limegeuzwa kishikio cha tupa, limeyeyushwa kwa moto ili libane. Kwa Martin lilikuwa bado kwenye kijiti, lakini jua na mvua vilikuwa vimelipasua, na Theopista alipoligusa plastiki ilibaki vidoleni kama ganda la kitunguu. Kila mtu alikuwa na simulizi. Usiku wa mvua ya mawe. Usiku ambao mke wa Martin alidhani nguruwe ni shemeji yake aliyelewa. Walicheka wakisimulia, wakapiga miayo, wakacheka tena. Kila mmoja alisema Gelasius alipiga mara moja tu.

Kufikia mchana mfuko wake ulikuwa na vipande vya kutu. Hakuna hata kimoja ambacho mashine ingekubali, kubwa wala ndogo. Na alikuwa ameanza kuona jambo lingine, ingawa alikuwa anatembea haraka ili asilione. Watoto waliokuwa wananyonya katika simulizi zile walikuwa sekondari. Nyumba zilizokuwa za nyasi zilikuwa na bati, na bati lenyewe lilikuwa limeshapauka.

Wa mwisho alikuwa Bibi Rosine, mwenye shamba la bondeni kabisa, mjane aliyetoka upande wa Mishamo, kwenye makazi ya Warundi, kuolewa hapa. Alikuwa anapalilia maharage kati ya mahindi, peke yake, na alipomwona Theopista aliegemea jembe kwa shukrani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwana wanje, mwanangu. Umekuja kunisaidia au kuniangalia?"

Theopista akachukua jembe. Alilima mstari mzima kabla ya kueleza alichofuata. Bibi Rosine alitoa kwenye mfundo wa kanga ganda dogo lililozibwa kwa kitambaa, akalifungua, akanusa ugoro, akapiga chafya.

"Hili silitoi. Likipotea nitaweka wapi ugoro wangu?"

"Hata sitalichukua, bibi. Nataka tu kulitazama." Lilikuwa bora kuliko yote, kitako bado kinang'aa kidogo kwa kushikwashikwa. "Hili la lini?"

"Wiki aliyozaliwa mjukuu wangu Heri."

"Heri yuko darasa la tatu."

"Ndiyo. Hilo ndilo la mwisho."

"La mwisho kwako?"

Bibi Rosine alilifunga tena ganda katika kanga. Alichukua muda kukaza mfundo.

"La mwisho kwa wote, mwanangu. Baada yangu nani amepewa? Waulize."

Theopista hakuwa na haja ya kuwauliza. Alikuwa ametoka kwao.

"Lakini mnamwita," alisema. "Wiki iliyopita mlimwita. Nilimwona akitoka na bunduki."

"Tulimwita. Alipiga, mlio ukaenda hadi mlimani, nguruwe wakakimbia. Mlio unatosha. Asubuhi nikamwambia, kaka, umemjeruhi, nimeona damu kule majanini. Sikuona damu." Alichukua jembe lake. "Tukiacha kumwita atajua. Sasa kuna nguruwe na kuna Gelasius. Nguruwe akila mistari miwili, mimi nitakula iliyobaki."

*

Aliporudi nyumbani, baba yake alikuwa amelala kwenye mkeka upande wa nyuma wa nyumba, kofia usoni. Theopista aliingia stoo. Alijua anachotafuta, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba kipo. Risasi za miaka yote hii zilipigwa, na maganda yake hayakuwa kwenye vijiti wala kwenye kanga za watu. Yalikuwa mahali fulani.

Kuku alikuwa ametamia juu ya ndoo ya asali, ile ya plastiki yenye mfuniko, iliyowekewa nyasi juu. Alimnyanyua. Kuku akamdonoa kifundoni, naye akavumilia. Alipofungua mfuniko, harufu ilimfikia kwanza: baruti, kali, kama kiberiti kilichowashwa muda huo huo. Ndoo ilikuwa imejaa hadi nusu. Maganda mekundu, safi, vitako vya shaba vinang'aa. Hayakuwa yamenyeshewa hata siku moja.

Haya ndiyo ambayo mashine ingeyakubali.

"Hayo hayajazwi."

Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Ganda lililokosa ukilijaza linakosa tena," alisema. "Tulifundishwa hivyo na wazee wa kuwinda. Ndiyo maana nikakutuma kwa watu. Yale ya nje ndiyo yenye bahati."

"Ya nje yameoza, Baba."

"Yote?"

"Moja limebaki zima. Bibi Rosine anawekea ugoro."

Mzee Gelasius aliketi juu ya gunia la mbegu. Kuku alikuwa anazunguka miguuni mwake akilalamika, naye akamchukua, akamweka mapajani, akampapasa mgongoni kwa kidole. Theopista aliona kwamba mkono ule haukutetemeka hata kidogo. Mkono ulikuwa mzima. Haukuwa umesahau chochote.

Theopista alitoa ganda moja kwenye ndoo, akalinyanyua kwenye mwanga wa mlango.

"Baba, nimeshika nini?"

"Ganda."

"Kuna maandishi kwenye kitako. Unayaona?"

"Siyaoni kwa sababu giza."

"Na mimi unaniona?"

Huko jikoni Generosa alikuwa anatwanga kitu, na alipoacha kutwanga walijua kwamba anasikiliza.

"Nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya chandarua," alisema baba yake. "Kwa muda sasa. Mchana afadhali. Usiku naona vivuli, nachagua kimoja. Nilifikiri nikizoeza mkono, mkono utajua wenyewe."

Theopista alikuwa ameandaa maneno mengi tangu bondeni. Juu ya barua, juu ya Machibya, juu ya mistari midogo ya kupimia baruti. Aliyaacha yote. Alikaa chini karibu na ndoo.

"Wanajua?" aliuliza baba yake.

Angeweza kusema hapana. Alimtazama akimpapasa kuku, akaona kwamba hilo nalo lingekuwa damu ya majanini.

"Wanajua."

"Rosine?"

"Wote, Baba. Wanakuita kwa ajili ya mlio."

Alitikisa kichwa polepole. Theopista aliogopa kwamba analia, kisha akasikia kicheko, kidogo, cha puani, cha mtu aliyechoka sana.

"Damu majanini," alisema. "Nilishinda njaa siku ile kwa kuitafuta. Nikarudi saa saba, mama yako akaniuliza, umeiona? Nikasema nimeiona."

"Nilijua hujaiona," sauti ya Generosa ilisema kutoka jikoni.

"Unaona? Nyumba nzima inaniongopea, na mimi naiongopea nyumba."

"Mpanda kuna daktari wa macho," Theopista alisema. "Kama ni mtoto wa jicho, wanaotolewa wanaona tena. Twende wiki hii. Nitakushika mkono."

"Mahindi yakishakauka."

"Baba."

"Mahindi yakishakauka, nimesema. Sasa hivi mabonde yako wazi kwa nguruwe." Aliweka kuku chini, akasimama, akanyoosha mkono hadi ukagusa mdomo wa ndoo. Alichota maganda kwa kiganja, akayapeleka puani, akavuta pumzi. "Yananuka vizuri bado."

"Sana."

"Nguruwe hajui lipi lilipiga na lipi lilikosa," alisema. "Niletee panga. Tukate vijiti."

*

Walitoka jua likiwa limeshalala upande. Theopista alibeba ndoo na mzigo wa vijiti, baba yake alibeba jiwe la kugongea. Bunduki aliiacha kabatini, imefungwa kwa ufunguo wake, risasi zake mbili pembeni. Walianzia shamba la Martin, wakashuka. Theopista alikuwa akishika kijiti, baba yake akikipapasa kwa mkono wa kushoto hadi apate kichwa, kisha akakigonga kwa mkono wa kulia, mara moja, mara mbili, bila kukosa. Halafu ganda juu yake. Halafu hatua kadhaa, kijiti kingine.

Watu waliokuwa wanaelekea kwenye madungu yao wakiwa na mablanketi mabegani walisimama kutazama. Hakuna aliyeuliza. Mistari ya vitako vya shaba ilikuwa inawaka kwenye jua la jioni pembeni mwa mahindi, na kila mtu katika kitongoji alijua maganda mengi namna ile yametoka wapi. Mama Doto alisogea akawa anawashikia vijiti. Severini alikuja na nyundo. Mzee Gelasius alisema jiwe linamtosha.

Bondeni, Bibi Rosine aliwaona wakija akaweka mikono kiunoni.

"Gelasius! Umewaua lini wote hawa?"

Mzee Gelasius alisimama. Kijiti kilikuwa mkononi mwake, na Theopista alihisi jinsi kilivyoshikwa kwa nguvu.

"Sikuwaua, dada. Niliwakosa."

"Wote?"

"Wote."

Bibi Rosine alitazama ndoo, akatazama kilichobaki ndani yake. Kisha akatoa ugoro wake, akanusa, akapiga chafya ndefu.

"Basi leta huku," alisema. "Huku ndiko wanakopitia. Na usiweke karibukaribu, weka kama mtu mwenye mengi."

Walimaliza ndoo mwisho wa shamba lake, kwenye majani yale yaliyosemwa yana damu. Wakati wa kupanda kurudi, Theopista alimpa baba yake mkono, naye akaushika, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu binti yake alipokuwa mdogo, na wakati ule ni yeye aliyekuwa akishikwa. Walitembea polepole. Wote wawili walikuwa wamechoka, na nyuma yao watu walikuwa wanapanda kwenye madungu kuanza kukesha tena, maana hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba harufu ingetosha.

"Barua ya mashine, usiiandike," alisema baba yake.

"Siandiki."

"Ile ndogo. Ilikuwa ya rangi gani kweli?"

"Ya kijani, Baba."

"Kijani," alisema. Akageuza uso upande wa mahindi, akatembea hivyo kwa muda, akiangalia.